Habari za Theodor Bilharz, Mganga wa Kairo

Katika kusini ya nchi ya Ujerumani uko mji mdogo uitwao Sigmaringen, kando ya mto Danube. Juu ya jabali lake limejengwa boma kubwa, na zamani walikaa humo watawala wa ukoo wa Hohenzollern. Mmoja wa watumishi wakubwa wa boma hilo alikuwa mzee Bilharz. Mke wake alikuwa mwenyeji wa Uswisi, nao walijaliwa watoto tisa. Kifungua mimba wao alizaliwa tarehe 23 Machi 1825, akaitwa Theodor. Huyo ndiye ambaye habari zake tutazisoma.

Tangu ujana wake Theodor alipenda sana kutazama wadudu na vipepeo. Alipomaliza shule ya mji wake alikwenda chuo kikuu cha Freiburg, na baadaye chuo cha Tübingen, akajifunza uganga. Mwaka 1847 wakuu wa chuo waliwatolea wanafunzi swali juu ya damu ya wanyama wasio na uti wa mgongo, kama konokono na wadudu. Theodor akajibu kwa kuandika kitabu, akashinda, akapewa zawadi. Hapo twaona tabia yake: wenziwe walitaka kujua habari za watu wagonjwa tu, yeye alitaka kujua habari za viumbe vidogo pia. Mwalimu wake mmoja, jina lake Siebold, alikuwa bingwa wa elimu ya minyoo, na huyo alimtia moyo aifuate njia hiyo. Mwaka 1849 Theodor alishinda mtihani wa serikali, akaruhusiwa kutibu watu.

Wakati huo nchi ya Misri ilitawaliwa na Abbas Pasha. Pasha alitaka mganga hodari wa kumwangalia yeye na kusimamia mambo ya afya katika nchi yake, akamwita Mjerumani mmoja, Wilhelm Griesinger. Griesinger alimjua Bilharz tangu Tübingen, akamwomba afuatane naye awe msaidizi wake. Bilharz alikuwa kijana wa miaka 25. Akakubali, na mwaka 1850 wakavuka bahari wakafika Misri.

Mjini Kairo ilikuwako hospitali kubwa iitwayo Kasr el-Aini, pamoja na shule ya uganga. Shule hiyo ilianzishwa mwaka 1827 na mganga Mfaransa, Antoine Clot, kwa amri ya Muhammad Ali, babu yake Abbas Pasha, ikahamishiwa Kasr el-Aini mwaka 1837. Wagonjwa walikuja kutoka pande zote: wakulima wa bonde la Nili, askari, wapagazi, hata watoto. Wengi walifika wakiwa wamechelewa mno, wakafa. Kazi ya Bilharz ilikuwa kuzipasua maiti na kutafuta kilichowaua watu hao. Ni kazi ya kuchukiza, hasa katika joto la Kairo, na watu wengi huikimbia. Lakini mganga asiyejua kilichomwua mgonjwa wa jana, atamtibuje mgonjwa wa leo?

Palikuwa na ugonjwa mmoja ulioenea sana Misri kuliko yote. Wanaume na vijana walikojoa damu. Haukuwa ugonjwa mpya. Askari wa Ufaransa waliokwenda Misri pamoja na Napoleon mwaka 1798 waliupata nao, wakafadhaika. Tena, mwaka 1910 mtaalamu mmoja aitwaye Ruffer alipima figo za maiti zilizokaushwa na Wamisri wa kale, akaona ndani yake mayai ya mdudu wa ugonjwa huu, na maiti hizo zilikuwa na umri wa miaka 3,000 na zaidi. Basi watu walikuwa wamekaa na ugonjwa huu tangu zamani za Mafarao, na hakuna aliyejua asili yake. Wengine walisema ni joto la jua, wengine ni maji mabaya, wengine ni vumbi. Katika sehemu nyingi za Afrika watu waliona ni jambo la kawaida, kwamba kijana hawezi kukua mpaka apite katika hali hiyo. Na penye ugonjwa usioeleweka, mara nyingi jirani husingiziwa. Sisi wa Ufipa twajua habari hizo, kwa maana watu husema kwamba jina la mji wetu, Sumbawanga, lilikuwa agizo la kutupa uchawi kabla ya kuingia.

Hata siku moja katika mwaka 1851, Bilharz alikuwa akipasua maiti katika Kasr el-Aini. Uko mshipa mkubwa unaochukua damu kutoka matumboni na kuipeleka kwenye ini. Waganga wengi waliufungua mshipa huo mbele yake, wakaona damu, wakaendelea na kazi. Bilharz aliitazama damu yenyewe. Ndani yake akaona minyoo weupe, wembamba, urefu wake kama upana wa ukucha wa kidole. Akashangaa, kwa sababu minyoo ya matumbo ilijulikana na kila mtu, lakini mnyoo wa kukaa ndani ya mishipa ya damu ya mwanadamu hakuna aliyepata kumwona. Mwezi wa Mei akaandika barua kwa mwalimu wake Siebold kumweleza jambo hilo.

Hakuridhika. Akawachukua wale minyoo akawaweka chini ya hadubini, ndiyo darubini ya kutazamia vitu visivyoonekana kwa macho, akawachunguza siku nyingi. Akaona kwamba mwili wa mnyoo ni bapa, na kingo zake zimekunjwa kuelekeana hata zikafanya mfereji. Ndani ya mfereji huo alikuwamo kitu kama uzi. Kwanza hakuelewa ni nini. Alipokitoa polepole akagundua kwamba ni mnyoo wa pili, tena ni jike! Mnyoo mnene ni dume, naye humkumbatia jike wake katika mfereji wa mwili wake, wakaishi hivyo pamoja maisha yao yote katika damu ya mtu. Mwezi wa Agosti akaandika barua nyingine yenye habari hizo na picha alizochora kwa mkono wake. Siebold akazichapa barua zake katika jarida la elimu ya wanyama, na wataalamu wa Ulaya wakazisoma.

Katika mwaka ule ule mmoja Bilharz aliona minyoo wengine ambao hawakujulikana. Katika utumbo wa kijana mmoja aliyekufa aliona tegu wadogo sana, wengi mno, kila mmoja urefu wake wa sentimita chache tu. Tegu huyo mdogo yuko mpaka leo katika nchi nyingi, nao watoto ndio wanaompata zaidi, kwa kula na mikono michafu. Panya nao wana tegu wa namna hiyo. Aliona tena mnyoo mwingine bapa, mdogo kama chembe ya mchanga, akaaye katika utumbo. Huyo watu humpata kwa kula samaki wasioiva, na paka na mbwa humpata vilevile kwa njia hiyo hiyo. Naye Griesinger, kwa msaada wa Bilharz, alitambua kwamba wagonjwa wengi wa Misri waliokuwa wakikonda na kupauka kwa kukosa damu walikuwa wakinyonywa na minyoo wa safura waliojishikiza utumboni.

Mambo hayo yaonyesha jambo ambalo wakati ule lilianza tu kueleweka, kwamba baadhi ya minyoo hawachagui kati ya mtu na mnyama, na wengine wahitaji wote wawili. Wafugaji wa nguruwe wa Ufipa wanajua zile chembe nyeupe zinazoonekana pengine katika nyama, kama punje za mchele. Hizo ni watoto wa tegu. Mtu akila nyama hiyo bila kuiva, tegu hukua tumboni mwake. Mavi ya mtu yakiliwa na nguruwe, chembe hukua tena katika nyama ya nguruwe. Mwaka 1855 Mjerumani mwingine, Küchenmeister, alithibitisha jambo hili kwa njia isiyopendeza: alimlisha chembe hizo mfungwa aliyehukumiwa kufa, naye hakumwambia, na baada ya mfungwa kuuawa akawakuta tegu wachanga katika utumbo wake. Alipata jibu alilolitafuta, lakini wenziwe wengi walimlaumu, nami naona walikuwa na haki.

Turudi Kairo. Bilharz na Griesinger walihesabu kazi yao. Katika maiti 363 walizozipasua, 117 zilikuwa na mnyoo wa damu. Ndiyo kusema, katika kila watu watatu, karibu mmoja alikuwa naye. Bilharz akachunguza vibofu vya mkojo vya maiti hao, akaona vidonda, na ndani ya vidonda akaona mayai ya mnyoo kwa maelfu. Kila yai lilikuwa na mwiba mdogo kwenye ncha yake. Basi ile damu katika mkojo, ambayo watu walikuwa wameitolea sababu nyingi kwa miaka elfu tatu, ilitoka katika vidonda hivyo vilivyofanywa na mayai.

Lakini palikuwa na jambo lililomtatiza. Katika ukuta wa utumbo aliona mayai mengine, nayo mwiba wake haukuwa kwenye ncha bali ubavuni. Alitazama, akafikiri, akaandika alivyoona. Akadhani ni mnyoo mmoja tu atagaye mayai ya namna mbili. Hapo alikosea, wala si ajabu, kwa kuwa minyoo hao wawili hufanana sana. Lililo jema ni kwamba aliichora miiba yote miwili kwa usahihi, hata waliokuja baada yake wakaweza kulimaliza neno alilolianza.

Na swali kubwa kuliko yote lilibaki bila jibu: mnyoo huingiaje mwilini? Bilharz aliyaona mayai yakipasuka katika maji, akaona kitoto kidogo chenye manyoya mafupi kikitoka na kuogelea upesi upesi. Kisha kikafa. Kilikuwa kikitafuta kitu, naye Bilharz hakujua ni kitu gani.

Mwaka 1852 Griesinger alichoka na nchi ya Misri akarudi kwao. Bilharz alibaki. Alijifunza Kiarabu, akawa mganga mkuu katika Kasr el-Aini, na mwaka 1856 akafanywa profesa wa kufundisha habari za viungo vya mwili. Aliandika pia kitabu juu ya kambare mmoja wa mto Nili mwenye nguvu za umeme, ambaye mtu akimshika hupigwa na kutetemeka mkono mzima. Jamii ya samaki huyo wako hata katika Ziwa Tanganyika. Kitabu hicho kilichapwa mwaka 1857, nacho kilisifiwa sana.

Mwaka 1862 mtawala mmoja wa Ujerumani, Ernst wa Coburg, alifunga safari ya kuwinda katika Afrika ya mashariki pamoja na mke wake na watu wengi. Bilharz akaombwa afuatane nao awe mganga wao. Wakasafiri kwa Bahari ya Shamu mpaka bandari ya Massawa, katika nchi ambayo sasa ni Eritrea. Joto la Massawa ni kali mno, na homa zilikuwa nyingi. Mmoja wa wasafiri akashikwa na homa kali ya kuambukiza. Bilharz akamwuguza kwa bidii, naye akaambukizwa. Wakamrudisha Kairo akiwa mgonjwa sana, akafa huko tarehe 9 Mei 1862. Alikuwa na umri wa miaka 37. Akazikwa Kairo, katika nchi aliyoitumikia miaka 12.

Jina lake halikuzikwa naye. Waganga wa nchi nyingi waliuita ugonjwa ule bilhazia, kwa kumkumbuka, na hata sasa watu wengi huuita hivyo. Kwa Kiswahili twauita kichocho. Wataalamu wa elimu ya wanyama walimchagulia mnyoo mwenyewe jina lingine, lakini karibu na Kairo, upande wa Giza, ipo taasisi ya utafiti yenye jina la Theodor Bilharz, na hata katika mwezi liko shimo moja kubwa lililopewa jina lake.

Swali lake lilikaa miaka 50 na zaidi. Jibu lilianza kutokea mbali sana na Misri, katika nchi ya Japani, ambako mnyoo wa jamii hiyo alikuwa akiwaua wakulima wa mpunga. Mwaka 1904 Mjapani aitwaye Katsurada alimpasua paka wa kijiji chenye ugonjwa, akamwona mnyoo ndani ya mishipa yake. Kisha wenziwe wakawasimamisha ng'ombe katika maji ya mashamba ya mpunga, miguu tu, huku vinywa vyao vimefungwa wasinywe. Ng'ombe hao wakapata minyoo. Basi ikajulikana kwamba mnyoo hapiti kinywani. Hupita katika ngozi. Mwaka 1913 Wajapani wawili, Miyairi na Suzuki, wakavumbua kile ambacho kitoto cha mnyoo hukitafuta majini. Ni konokono.

Huko Misri palikuwa na mtaalamu mkubwa, Arthur Looss, Mjerumani, ambaye alikuwa amesema kwa nguvu kwamba konokono hahusiki, na watu walimwamini kwa sababu ya sifa zake. Mwaka 1915 serikali ya Uingereza ilimtuma Robert Leiper huko Misri kuchunguza, maana askari wake walikuwa wakiugua. Leiper akawakusanya konokono wa mifereji, akaona kwamba Wajapani wamesema kweli. Akaona na jambo la pili. Mnyoo wa mayai yenye mwiba kwenye ncha hukua katika konokono wa namna moja, na mnyoo wa mayai yenye mwiba ubavuni hukua katika konokono wa namna nyingine kabisa. Kwa hiyo ni minyoo wawili, na vichocho ni viwili: cha kibofu na cha matumbo. Yale mayai yaliyomtatiza Bilharz katika chumba cha maiti yalikuwa ya mnyoo wa pili, ambaye alikuwa amemshika mkononi asimtambue.

Sasa njia yote yajulikana. Mtu mwenye kichocho cha matumbo akienda choo kando ya maji, mayai huingia majini na kupasuka. Kitoto huingia katika konokono, humo huzaana, na baada ya majuma machache hutoka kwa maelfu, vidogo hata havionekani. Vikimkuta mtu anayeoga, anayefua, au anayevuta wavu, hupenya ngozi yake katika dakika chache. Katika damu hukua, dume humpata jike, na jike hutaga mamia ya mayai kila siku, kwa miaka. Mayai mengine hutoka, mengine hukwama katika ini na kulifanya gumu. Tumbo huvimba, na mtu aweza kutapika damu akafa. Mnyoo mwenyewe hana madhara makubwa. Mayai yake ndiyo yauayo.

Juu ya uwanda wa Ufipa kuna baridi, lakini watu wetu huteremka mpaka Kasanga, Kipili na Kirando kutafuta samaki na biashara, na Ziwa Tanganyika ni moja, kutoka huko mpaka Kigoma na Burundi. Siku za Bilharz hapakuwa na mtu pwani hiyo aliyesomea uganga wa hospitali. Adrian Atiman, Mwafrika aliyefundishwa uganga huko Malta, alifika Karema mwaka 1889, miaka 27 baada ya Bilharz kufa, akawatibu watu wa ziwa mpaka alipofariki mwaka 1956. Hata yeye, kwa sehemu kubwa ya maisha yake, hakuwa na dawa nzuri ya kichocho, maana dawa za zamani zilikuwa kali, na pengine zilimdhuru mgonjwa kama ugonjwa wenyewe. Dawa itumikayo sasa, prazikwanteli, ilipatikana katika miaka ya 1970. Humezwa kwa siku moja tu, na watoto wa shule hupewa kwa kupimwa kimo chao.

Lakini si watu peke yao wanaokunywa na kuoga katika ziwa hilo. Kaskazini ya Kigoma iko hifadhi ya Gombe, na msituni mwake wamo nyani wanaoteremka mpaka ufukoni. Wataalamu walikusanya mavi ya nyani hao wakayapima, na habari zao zilichapwa mwaka 1997. Ndani yake yalikuwamo mayai yenye mwiba ubavuni, yale yale aliyoyachora Bilharz Kairo. Kijiji kizima chaweza kumeza dawa siku moja na kupona, na kila nyumba ikajengewa choo. Nyani hawamezi dawa, wala hawana choo, na vijito vya Gombe huteremka ziwani mchana na usiku.